Matroni Tumpe na Swali la Yunia

Tarehe 30 Juni 2025, Matroni Tumpe Mwaisumo anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya wasichana, hapa Mufindi, kwa miaka ishirini na tisa na miezi mitatu. Alianza Machi 1996 akiwa mpishi. Mwaka 2004 akakabidhiwa mabweni, na tangu hapo hakuna msichana aliyelala hapa bila kukaguliwa kama miguu yake imekauka.

Sisi wanafunzi wa Kundi la Wasikilizaji tumeombwa tuandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya hafla. Tumejaribu kuuweka katika mpangilio, lakini mambo ya muhula huu yametuchanganya, na ni haki tuseme hivyo mapema.

Matroni anamjua kila msichana kwa kikohozi chake. Mwezi Julai, baridi inapouma, hakuna anayeoga maji ya baridi yeye akiwa zamu. Lakini tutamkumbuka zaidi kwa redio yake. Kila Jumapili saa kumi jioni huiweka kwenye dirisha la bwalo, upande wa Mbeya, ili ishike kipindi cha Mama Esnath kuhusu wanawake wa kanisa la mwanzo. Waya wa antena ameufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Shuka likining'inia hapo sauti hupotea, kwa hiyo saa kumi Jumapili ni marufuku kuanika.

Kipindi hicho kilitufundisha majina tuliyokuwa tukiyapita haraka: Febe, aliyepeleka barua ya Mtume Paulo Roma, Priska, aliyefundisha pamoja na mumewe, Lidia, muuza vitambaa vya zambarau. Redio ilipokwaruza, Matroni aliendelea pale ilipokatikia, nasi tuliandika yote kwenye madaftari.

Mwezi Mei, Bodi ilitutaka tupendekeze jina la bweni jipya. Tulichagua Yunia, ambaye Paulo alimpelekea salamu na kumtaja kwa heshima pamoja na mitume. Kwenye kikao, Mchungaji Fanueli, mlezi wa dini hapa shuleni, alisimama.

"Bweni la mabinti mnalipa jina la mwanaume?"

"Yunia ni mama, Mchungaji," Matroni alisema.

"Nani kasema?"

"Redio."

Watu walicheka. Mchungaji alifungua Biblia akausoma mstari wenyewe mara mbili. Haukumsaidia mtu, maana unamwita Yunia jamaa tu, na kwa Kiswahili jamaa anaweza kuwa mjomba au shangazi. Bodi ikatoa wiki tatu tulete uthibitisho, la sivyo jina lifutwe.

Tulimfuata Matroni kwenye stoo ya mablanketi. Aliyeuliza ni Tekla, kiranja wa mabweni.

"Shikamoo Matroni. Mama Esnath alisema Yunia ni mwanamke, si ndiyo?"

"Marahaba. Alikuwa anataka kusema. Ikaanza kukwaruza."

"Sasa wewe ulijuaje?"

"Nikamalizia."

Hatukujua tutazame wapi. Mercy, aliyeandika kwenye mtihani kwamba Febe alishonea ile barua ndani ya upindo wa gauni lake, akauliza kwa sauti ndogo kama hilo nalo lilimaliziwa.

"Barua ni ya redio," Matroni alisema. "Upindo ni wangu."

"Matroni! Nilikatwa maksi tatu!"

"Pole, mwanangu. Lakini wewe ungeificha wapi?"

Ndipo akatueleza. Nyumbani kwao, mtaa wa Soweto, Mbeya, redio ilikuwa ya baba. Ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa vifungo. Mama yake na mabinti waliisikiliza wakiwa jikoni, kupitia ukutani, huku sufuria zikigongana. Walisikia nusu ya habari, na nusu nyingine waliijaza wenyewe ili mazungumzo yaendelee. Alizoea hivyo hadi akasahau kwamba anafanya hivyo. Kisha akasema jambo lililotuumiza: hakutaka kuondoka hapa akiwa ametudanganya, na hakujua kama ametudanganya.

Jumapili ya tarehe 1 Juni alipanda hadi kwenye tenki la maji, penye mtandao, akapiga simu kwenye kipindi. Sisi tulibaki bwaloni, na Mchungaji alikaa nasi na kikombe chake cha chai. Mara sauti ya Matroni ikatoka redioni.

"Mama, punguza sauti ya redio yako," Mama Esnath alimwambia.

"Redio sinayo. Wanayo watoto."

Bwalo zima lilipiga kelele. Akauliza bila kuzunguka: Yunia ni mama au baba?

Mama Esnath alijibu kwamba waandishi wa kanisa la kale walimwelewa kuwa mwanamke, na mmoja wao alimsifu waziwazi. Karne nyingi baadaye, wengine waliona mwanamke hawezi kutajwa hivyo pamoja na mitume, wakaligeuza jina lake likawa la kiume. Leo wataalamu wengi wamerudi kwenye lile la mwanzo, ila wapo wanaobishana.

"Kwa hiyo sikudanganya?"

"Hukudanganya, mama. Ila siku nyingine waambie umebahatisha."

Mchungaji alitazama chai yake. "Chuoni tulifundishwa ni mwanaume," alisema, bila hasira. "Sikuwahi kuuliza."

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa kabisa. Redio, chuo na Matroni vyote vilisema kwa uhakika uleule. Tumeanza kupitia madaftari yetu, tukiweka alama ya kuuliza pembeni, na zipo kurasa zenye alama nyingi kuliko maneno.

Bodi ilikutana tena tarehe 13. Mwenyekiti, Mzee Ambrosi, alitafuta njia ya amani: kwa kuwa ubishi haujaisha, bweni liitwe Tumpe, kwa heshima ya mstaafu. Watu walipiga makofi. Sisi pia tulipiga, tukidhani ni zawadi nzuri. Matroni alisimama.

"Ndaga fijo, wazee wangu, nashukuru sana. Lakini huyu mama walishamwondoa mara moja. Sasa mnataka kumwondoa tena, halafu mimi ndiye nikalie kiti chake. Mimi sikai."

Kisha Mchungaji Fanueli alinyoosha mkono kuliunga mkono jina la Yunia, akaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba bado ana maswali. Mikono mingine ikafuata. Jumatano iliyopita fundi alilipaka jina juu ya mlango, kwa herufi nyeupe.

Matroni, asante kwa maji ya moto, kwa vikohozi ulivyovisikia kabla yetu, na kwa wanawake uliotuletea, waliofika wazima na waliofika nusu. Bado hatujui yapi yalikuwa ya redio na yapi yalikuwa yako. Tutatafuta wenyewe. Uende salama Mbeya, upate afya, majirani wema, na asubuhi nyingi zisizo na kengele.

Happy Luhanga, Kidato cha Tatu
kwa niaba ya Kundi la Wasikilizaji