Barua za Zamani Ziingie Kwanza

Kijiwe chetu pale Masisi-centre ni ubao mmoja uliolazwa juu ya vibidoni viwili vya mafuta, mbele ya sekreteria ya Kasika. Sekreteria, kwa asiyejua, ni duka la kupiga fotokopi, kuchajisha simu na kutuma barua pepe. Mtaa mzima una anwani moja tu ya barua pepe, ya Kasika. Ndugu yako akikuandikia kutoka Goma ama Kampala, anaweka jina lako juu, na Kasika anakuita usomewe. Mwaka ule wa vita, mvua zilipoanza, kompyuta yake ya zamani ilikosa mtandao. Ilikuwa inawaka, barua zote za zamani zimo ndani, lakini mpya haziingii. Kasika, mtoto wa Butembo asiyekubali duka lilale, akaleta kompyuta mpya. Tangu siku hiyo sisi wa ubaoni hatukuwa na kazi nyingine ila kumshauri jinsi ya kuhamisha barua. Ushauri wetu ulikuwa mwingi kuliko kahawa. Kahawa aliuza Mama Mukasine, na yeye hakutushauri kitu. Binti yake Béata alikimbilia kambini Uganda, akanyang'anywa simu njiani, na njia pekee iliyobaki kati yao ilikuwa anwani ile.

Siku moja Prof alikuja na flashi mkononi. Prof ni Stéphane, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa imejaa wakimbizi, basi darasa akalihamishia kwetu.

— Nimekopiya yote, akasema Prof. Ile ka-bahasha iko ku ekra, pale ku kioo ya mashini ya zamani, nimekamata, nimeweka mu flashi. Kasika, chomeka.

Kasika akachomeka. Kibahasha kikatokea, kizuri kabisa. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba haikijui kitu hicho wala mahali kilipo.

— Prof, umeleta mulango, akasema Kasika. Nyumba umeiacha kule.

— Hapana. Barua njo zinakataa kutoka. Zimezoea mashini yao.

Hapo Kilometa akashusha kikombe. Kilometa ni Papa Nzabandora, dereva wa barabara ya Walikale mpaka wenye bunduki walipoifunga; siku hizi anaendesha mazungumzo tu.

— Mi nilisema tangu mwanzo, muko na haraka. Ukihamisha ng'ombe ku malisho ya mupya, wakubwa njo wanaingia mbele. Ukitanguliza ndama, wanatawanyika, na wakubwa hawakubali tena kuingia. Barua ni vile vile. Za zamani ziingie kwanza.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na Kasika aliifuata kama ya serikali, labda kuliko ya serikali. Hapa Masisi hata asiye na mkia mmoja anajiona bingwa wa ng'ombe.

— Basi nibebe mashini Goma, kwa mutaalamu, akasema Kasika.

— Utapita ku barieri ya wenye bunduki, akasema Kilometa. Watasema fungua. Watakuta barua za Uganda. Watasema uko mupelelezi.

— Ni barua za mama na mutoto.

— Njo mubaya zaidi. Muntu anaandika wakati wa vita, "kuku wetu wako wazima?" Mwenye bunduki atasadiki kama ni kuku?

Prof akakohoa kidarasa.

— Kuko dawa moja. Tupige zote ku karatasi. Kisha mi nasoma kwa sauti, Kasika anaandika moja moja mu mashini ya mupya. Na mi nasahihisha Kifaransa, juu makosa iko mingi sana.

— Barua za watu hazihitaji pointi za shule, Prof, nikamwambia.

— Karatasi ya nini? akasema Kilometa. Weka mashini mbili karibu karibu, waya moja, jenereta moja, wiki nzima. Zitazoeana. Hata ng'ombe wageni wanalala pamoja mbele ya kukamuliwa.

Kilichonisikitisha ni kwamba Kasika aliutazama waya, akipima kwa macho kama utafika.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni akingoja simu yake ichajiwe. Aliitwa Adelaïde, wa Kalembe. Alikuwa amefika karibuni kambini Lushebere. Alitusikiliza mpaka kahawa yake ikapoa.

— Samahani, ba papa. Ile mashini ya mupya iko na rezo ya intaneti?

— Iko nayo ya nguvu, akasema Kasika.

— Na adresi ya barua njo ile ile?

— Ile ile.

— Sasa barua zenye watu wameandika tangu mvua zianze, nani amezisoma?

Prof akaitia flashi yake mfukoni. Kwa ajili ya sheria yetu ya ng'ombe, kompyuta mpya haikuwa imefunguliwa barua hata siku moja. Aibu ilitushika sote.

Mama Mukasine akaweka birika chini.

— Kasika, fungua.

— Mama, za zamani bado hazija...

— Fungua, mutoto wangu.

Jenereta ikanguruma. Barua zikaingia, wala hazikutawanyika, kila moja na jina la mwenyewe juu. Kasika alizitafuta za Béata, akazisoma moja baada ya nyingine. Ya kwanza iliuliza kama mama ni mzima. Zilizofuata ziliuliza hilo hilo. Ya mwisho aliisoma polepole.

— "Kwa Kasika, ao muntu yeyote mwenye amebaki. Wenye wametoka kule wanasema mutaa wetu ulichomwa. Hakuna mwenye ananijibu, njo nimekubali kama mama amekufa. Jumapili tulimusomea misa. Nimenyoa nywele juu ya matanga."

Prof akavua kofia kama mtu aliye msibani. Halafu akakumbuka kwamba marehemu amesimama mbele yake, akairudisha kichwani.

— Watu walikuja wengi ku misa? akauliza Mama Mukasine.

— Hasemi, mama.

— Utamuuliza kisha. Sasa andika kama niko muzima. Andika niko nauza kahawa hapa ku mulango yako, kila siku niko hapa.

Kasika akaandika.

— Niongeze nini?

— Aache nywele ziote.