Fundi Chambo na Waya Uliokunjwa Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya kaka yake, mliyemjua kwa jina la Fundi Chambo, na mdogo mtu huyu shule aliiacha njiani, kwa hiyo akijikwaa mumvumilie, ila kwa kusimulia hajapata wa kumfikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, na mama alikuwa akisema alitoka amekunja ngumi kama aliyeshika koleo. Alianza shule ya msingi Januari 1964, kisha akaenda chuo cha ufundi, akahitimu uchomeleaji mwaka 1974, na tangu mwaka uliofuata hadi alipostaafu mwaka 2016 alitengeneza mageti na madirisha katika karakana ileile. Tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na fundi cherehani, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa binti wawili na kijana mmoja.

Lakini jina hakulipata kwa mageti, alilipata kwa chambo bandia, kile kidude kinachozunguka majini mpaka samaki adhani ni kisamaki kinachokimbia: waya usioshika kutu uliokunjwa pembe, mkono wa chini una ndoana na kichwa cha risasi iliyoyeyushwa, mkono wa juu una kibapa kilichokatwa kwenye kijiko cha chai, na sketi ya nyuzi za mpira kufunika ndoana. Vijiko vilikwisha nyumbani, wageni wakawa wanakoroga chai kwa mpini wa uma, na shemeji akimgombeza alijibu, "Mke wangu, kijiko kimepanda cheo." Chambo chake kimoja kilikanyagwa na lori, kikaokotwa, kikatupwa majini siku hiyohiyo na kurudi na samaki, na anayebisha amtafute msomaji baada ya mazishi.

Siri ya uimara ilikuwa moja, naye aliihubiri kwa kila aliyeingia karakana: waya hukunjwa mara moja tu, ukikosea pembe usiunyooshe, utupe, ukate mwingine, kwa sababu waya uliokunjwa, ukanyooshwa, ukakunjwa tena pale pale, umekwisha kufa ndani hata kama unang'aa nje.

Sasa tunafika mahali ambapo familia inainamisha kichwa. Jumamosi tarehe 6 Juni 1998 palikuwa na shindano la kuvua kwenye bwawa, na rafiki yake kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amejinoa mwaka mzima, akamwagiza chambo kipya. Asubuhi hiyo marehemu alikosea pembe, waya ulikuwa kipande cha mwisho, watu wanapiga honi nje, basi akaunyoosha, akaukunja tena, akapitisha msasa alama isionekane, akamkabidhi mwenzake na kumwambia, "Hiki utamrithisha mjukuu." Kinyozi akanasa samaki ambaye bwawa lile halijaona mwingine, akamvuta taratibu mpaka ukingoni, waya ukakatika, samaki akazama, watu wakaangua kicheko. Marehemu aliokota kipande kilichobaki, akaona kimekatikia pale pale penye mkunjo wake, akakitia mfukoni, kisha akacheka kuliko wote na kusema, "Ah, kinyozi, huo si mkono, ni nyundo!"

Tangu siku hiyo kinyozi akawa Nyundo, hata dukani kwake, watu wakipita mlangoni wanaita, "Nyundo, leo usitupasue vichwa," wengine wakahamia kwa kinyozi mwingine, naye akagawa mishipi yake na hakuvua tena, akiamini kweli mkono wake ndio uliomponza.

Marehemu alianza kuugua figo Februari 2023, na Nyundo huyohuyo ndiye aliyempeleka kliniki kwa gari lake na kumnyoa kitandani kila Ijumaa, kwa mkono mwepesi kama unyoya. Kila Ijumaa marehemu alifungua kinywa aseme, na kila Ijumaa aliambiwa, "Tulia kaka, nisije nikakukata," akatulia, akashukuru kimoyomoyo kwa kukatizwa, aibu ikamzidi. Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, baada ya kumwambia mkewe yote na kumtaka yasomwe mbele ya watu. Jana kikao cha familia kilitaka yazikwe naye, shemeji akasema, "Msiposoma nitasoma mwenyewe, na mimi sauti ninayo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotupokea kwenye nyua zenu, na mafundi wenzake waliochomelea msalaba. Nawe kinyozi, shemeji alitaka uambiwe jana, sisi tukaogopa, tukakuacha umnyoe kwa mara ya mwisho asubuhi hii ukiwa hujui. Simama, ndugu yetu, watu wakuone. Waya ulikuwa mbovu, mkono wako ulikuwa sawa.

Kaka, sasa imesemwa, lala kwa amani.