Historia ya Marehemu Januarius Masunga, Mpiga Video wa Bagalu na Bagika

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi Evalina, mtoto wake wa pili, niwasomee safari ya baba yetu.

Marehemu Januarius Masunga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 kijijini Migato, baba yake akiwa mcheza ngoma wa Bagalu, mama yake akitoka kwenye familia ya wacheza ngoma wa Bagika, hivyo alikua katikati ya pande mbili za ngoma zinazoshindana kila baada ya mavuno, bila kuegemea popote.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Migato, 1977 hadi 1983, akalima pamba, akafunga ndoa na mama yetu Felisita tarehe 8 Oktoba 1994 hapa Bariadi, wakajaliwa watoto watatu, Paschal, Evalina na Stephania. Mwaka 1996 alifungua studio ya picha, na mwaka 2009 akaanza kupiga video.

Julai 2014 alirekodi mashindano ya ngoma Kasoli, akatengeneza DVD yenye menyu ya vitufe viwili vinavyolingana, Bagalu na Bagika, ili kila mtu aanze na anaowapenda, na ilifanya kazi vizuri, mpaka msambazaji wake aliposhikilia kwamba diski ziwekewe kufuli la kuzuia kunakili. Kufuli hilo, ili kuwapoteza wezi, lilipachika njia za uongo ndani ya diski, deki zetu nazo zikapotea humo humo, ukibonyeza Bagika unapelekwa Bagalu, ukitaka kuruka mbele unakatazwa, ukitaka kurudi kwenye menyu unarushiwa onyo la wizi, wewe uliyenunua kihalali! Wezi wenyewe walilivunja mapema tu, nakala zao zikacheza bila shida mnadani. Nijibuni kimoyomoyo, kufuli lile lilimfungia nani?

Lilimfungia baba. Mzee Shija, kiongozi wa Bagika, alifika studio akamwambia mbele ya wateja, "Januarius, Bagalu wamekulisha nini?" na baba alipojaribu kueleza habari za kufuli, watu walicheka, "Eti diski ndiyo inachagua upande!" Alimsihi msambazaji aliondoe, akajibiwa kwamba mkataba ni mkataba, na kwa miaka mingi Bagika hawakumwita tena kwenye ngoma zao.

Msambazaji alipofunga biashara, baba, akiwa tayari anaumwa figo tangu Machi 2022, alirudia kazi ile kutoka kwenye kanda za mwanzo, bila kufuli, akiazima deki za majirani na kujaribu kila kitufe. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, diski ikiwa mezani, haijamfikia Mzee Shija.

Jana alasiri, hapa hapa msibani, tulimkabidhi mzee rimoti. Akabonyeza Bagika, wakatokea Bagika. Akarudi kwenye menyu, akabonyeza Bagalu, wakatokea Bagalu. Akaiweka rimoti chini, akasema, "Kumbe mwenzetu alikuwa katikati."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani kwa deki zenu, wapiga picha wenzake, na wewe Mzee Shija kwa kulisema hadharani, ingawa inatuuma kwamba mwenyewe hakulisikia.

Baba, lala kwa utulivu. Diski yako imefunguka.