Nasma Sefu na Kiatu cha Kila Mlima

Tarehe 30 Juni, Bi Nasma Sefu anakabidhi funguo za stoo ya shirika letu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Mzaliwa wa Ujiji, alianza mapokezi, akahamishiwa stoo kwa muda, na muda huo haukuisha. Makoti ya mvua, mahema, vipuri vya pikipiki na injini za boti vyote vimepita mikononi mwake. Hakupokea kitu bila kukifungua, kukigeuza na kuuliza kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Swali hilo ndilo lililobadilisha kazi zetu za milimani.

Miaka sita iliyopita, mvua zikiwa kali, Veneranda, afisa ugani wa kahawa Kalinzi, aliteleza kwenye mteremko akateguka kifundo cha mguu. Alikuwa wa tatu msimu ule, na wote walikuwa wanawake. Mkuu wa kazi za nje, Thobias, akapendekeza wanawake wabaki ofisini, milima waende wanaume. "Sitaki siku moja niende kumweleza mama wa mtu," alisema kikaoni. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Veneranda, aliyekaa pale na bendeji mguuni, alikuwa anapoteza vikundi alivyovianzisha mwenyewe.

Bi Nasma hakubishana. Aliomba buti ya Veneranda, akaingiza mkono, akatoa kitambaa kilichosokomezwa kwenye ncha, mbele ya vidole. Buti zetu zote zilikuwa za kiume. Hata namba ndogo kabisa ilimwacha kisigino kikicheza na vidole vikigonga mbele.

"Thobias, mdogo wangu, huyu alitembelea mguu wa mtu mwingine," alisema.

Aliomba apewe muda hadi mvua ziishe, atafute kiatu kinachowafaa wanawake. Thobias akakubali, kwa sharti kwamba kiatu kisipopatikana, pendekezo lake lipite.

Ugumu ulikuwa kwamba kila mahali pana kiatu chake. Udongo wa Kalinzi unataka soli yenye meno. Kule Kagunga, kando ya ziwa, unaruka kutoka kwenye boti, unakanyaga maji, kisha mawe, kisha unapanda. Gambuti zinaliweza tope, lakini kwenye jua zinachemsha miguu. Na hakuna anayebeba jozi tatu kwenye pikipiki.

Bi Nasma alikusanya sampuli, akaanzisha utaratibu wake: kila mwanamke avae aina moja mguu wa kushoto na nyingine wa kulia, kisha abadilishe. Naye alivaa hivyo hivyo. Kalinzi walipata cha kuchekea msimu mzima.

"Shangazi, ulivaa umeme umekatika?" dereva mmoja wa bodaboda alimuuliza.

"Umeme ulikuwepo. Mtindo ndio haujakufikia."

Alikosea jambo moja, na ni kosa la mtu wa Ujiji, ambako njia ni tambarare. Alipima viatu kwa kupanda, kisha akarudi chini kwa pikipiki. Veneranda, mguu ukiwa umepona, ndiye aliyemwambia: "Mama, kupanda hata kandambili zinapanda. Teremka na sisi." Akateremka. Kiatu alichokuwa amekisifu kuliko vyote kikamkalisha kwenye matope. Alicheka, akakiondoa kwenye majaribio.

Kilichobaki ni buti nyepesi ya kike, nyembamba kisiginoni, pana vidoleni, inayofunika kifundo. Kwenye tope ilizidiwa na gambuti, kwenye mawe ilizidiwa na raba. Haikuwa ya kwanza popote, ila haikumwangusha mtu popote.

Siku ya mwisho ya majaribio mvua ilinyesha. Veneranda alishuka na buti hiyo njia ile ile iliyomwangusha, Thobias akimfuata akiwa amevaa buti zake mwenyewe za zamani. Walipofika chini, Veneranda alikuwa na matope kwenye soli. Thobias alikuwa nayo mgongoni. Pendekezo lake halikurudi tena kikaoni, na leo Veneranda anaongoza kitengo chote cha kahawa.

Wiki iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, tulimzawadia Bi Nasma viatu vizuri vya mjini. Alivaa kimoja, mguu wa kushoto. Akatembea hadi mlangoni na kurudi, kisha akauliza: "Na cha kulinganisha mguu wa kulia kiko wapi?"

Asante, Bi Nasma. Upumzike kwa afya njema, na kila njia utakayoshika ikupokee vizuri, hasa ya kuteremka.