Darasa la Mwisho la Kestrel

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu, Bwana Roy Haugen, walimu wenzangu, wazazi na wahitimu wa zamani mliojaa hadi mlangoni, majirani zetu wa Dunmore, ambao leo tumewapa viti vya mbele kwa heshima na wala si kwa mapenzi, nanyi wanangu mliovaa majoho: hamjambo?

Sijasikia. Mimi mwalimu mkuu wenu nimezoea kelele zaidi ya hizo. Hamjambo? Naam, sasa hao ndio watu wa Kestrel!

Shule hii ilijengwa na wachimbaji wa shaba kutoka Ufini, Kroatia na Cornwall, watu ambao hawakuelewana lugha lakini walikubaliana kwamba mtoto wa mchimbaji atasoma bure, na atasoma hapahapa milimani. Tangu enzi zao, kila Septemba shule nzima hupanga mstari kutoka uwanjani hadi kwenye ile herufi K ya mawe kule juu kilimani, ndoo za chokaa zikipita mkono kwa mkono mpaka herufi ing'ae. Sharti lake mnalijua: ndoo haiwekwi chini. Ikigusa ardhi inamwagwa, na kazi inaanza upya.

Mgodi ulipofungwa, watu wakahama. Mwaka jana Bodi ikatuambia tumebaki wachache mno, hivyo ninyi mkihitimu shule ifungwe, na wadogo zenu wawe wanavuka mlima kwa basi kwenye theluji kwenda kusoma. Wapi? Dunmore, kwa wapinzani wetu wa mpira! Mkaanza kuitwa darasa la mwisho, mkawa mnatembea humu kama waliofiwa. Niliumia sana, na sioni haya kusema hivyo.

Septemba ikafika, na Bwana Haugen akaja kututazama, amevaa viatu vyake vizuri. Tukapanga mstari. Haukufika juu. Aliyesimama mwisho alikuwa Darja Marusich, yule pale anayejificha nyuma ya kofia yake, na mbele yake ulibaki mteremko mtupu. Ndoo ya kwanza ikamfikia.

"Mwalimu!" akaita. "Sasa nimpe nani?"

Aliyejibu ni Bibi Aino Lehtola, aliyehitimu hapa kabla wengi wetu hatujazaliwa, akiwa ameketi na watazamaji.

"Kwani sisi tumekuja kupiga picha?" akasema, akainuka kwenye kiti chake.

Kinyozi wa mji akamfuata, mwoka mikate akaja na aproni yake, wazazi wakaacha magari milango wazi. Mstari ukapanda, lakini bado ukapelea. Ndipo basi likasimama barabarani, wakashuka wachezaji wa mpira wa Dunmore na jezi zao nyekundu. Nikasema moyoni, hawa wamekuja kutucheka.

"Nyie mnatafuta nini huku?" Darja akawauliza, akiwa bado ameishika ndoo mpaka mstari ukamilike.

"Tumekuja kusaidia, acha maringo," nahodha wao akajibu. "Mkipotea nyie, tutamshinda nani?"

"Lini mlitushinda?"

"Hebu shika ndoo vizuri, unamwaga!"

Wakapanda. Likabaki pengo la mtu mmoja tu. Bibi Aino akageuka.

"Wee Roy! Nilikufundisha kuogelea ukiwa na makamasi. Mbona umesimama kama nguzo ya simu? Njoo hapa!"

Mheshimiwa, uniwie radhi kwa kulisema hadharani, lakini uliitika, "Ndiyo, Bibi," ukaja mbio. Ndoo ikapita mikononi mwako, viatu vikarukiwa na chokaa, na ndoo ikafika juu bila kugusa ardhi. Kelele zilizopigwa siku ile nadhani hata Dunmore zilisikika, ingawa Dunmore yenyewe ilikuwa huku inapiga kelele nasi!

Bodi ilipokutana baadaye, ulikuwa wa kwanza kuinua mkono kutupigia kura, na wenzako wakakufuata. Kestrel haifungwi. Mheshimiwa, kwa niaba ya mji huu, tunakushukuru kwa dhati.

Sasa, wahitimu wangu, nina ombi moja. Geukeni mtazame kule nyuma. Wale vijana waliobanana ukutani wanaanza masomo hapa Septemba. Simameni, wanangu, msione haya! Darasa la mwisho, mnawaona? Hao ndio wanaowafuata.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Sasa wapigieni makofi vijana hao.