Waya Umechomoka Nyasura

Wegesa: Haloo? Nani mwenzangu?

Ryoba: Wegesa, ni mimi.

Wegesa: Mimi wako wengi. Taja jina.

Ryoba: Ryoba. Mume wako.

Wegesa: Ahaa, wa Nyasura. Nilidhani umehama Bunda, maana wiki ya tatu hii niko huku Butiama kwa baba, sijasikia hata mlio. Karibu, nikusaidie nini?

Ryoba: Unaongea kama huduma kwa wateja.

Wegesa: Wateja wanapigaga kila siku. Wewe umepiga leo. Sema.

Ryoba: Hamjambo huko?

Wegesa: Hatujambo. Mihogo imekauka, baba anapumua. Sema.

Ryoba: Mtandao umekata.

Wegesa: Mtandao.

Ryoba: Waifai ya nyumbani. Tangu asubuhi. Na mama anataka kuangalia kwaya yake kwenye tivii, amekaa hapa anatazama kioo cheusi.

Wegesa: Mama yako bado yupo? Si alikuja kwa siku mbili?

Ryoba: Sasa nimfukuze mama?

Wegesa: Hapana. Wa kufukuzwa mlishampata.

Ryoba: Hakuna aliyekufukuza, Wegesa.

Wegesa: Kweli. Mama aliuliza tu, mbele ya wageni wa jumuiya, eti ng'ombe wake walikwenda kuoa mwanamke au gogo, miaka minne hata kilio cha mtoto. Na wewe ulikuwa bize unachambua miba ya sato. Nilitoka mwenyewe, kutafuta hewa.

Ryoba: Sasa, hii modemu—

Wegesa: Ndiyo. Tuongelee modemu. Ina shida gani, mteja wetu mpendwa?

Ryoba: Sijui. Wewe ndiye uliyeifunga.

Wegesa: Iko wapi?

Ryoba: Dirishani, palepale. Mama ameifunika kitambaa chake cha kufuma. Anasema inaingia vumbi.

Wegesa: Ifunue, sio biharusi. Taa ngapi zinawaka?

Ryoba: Tatu. Zote kijani.

Wegesa: Unganisha simu yako na modemu yenyewe, usipitie ruta. Jina lake lina namba nyingi mwishoni.

Ryoba: Ngoja... [mkwaruzo] ...inafungua. Eh, inakimbia kabisa.

Wegesa: Unakatika. Umesemaje?

Ryoba: Nimesema inakimbia. Modemu nzima.

Wegesa: Basi haina dhambi. Na ruta, pale juu ya kabati?

Ryoba: Inawaka. Jina linaonekana, ila ukiingia inasema hakuna intaneti.

Wegesa: Ruta haitengenezagi mtandao, Ryoba. Inapewaga na modemu kwa waya, ndiyo inagawa chumba hadi chumba. Modemu iko sawa, ruta inawaka. Tuangalie waya.

Ryoba: Mimi nilijua modemu imekufa. Nilikuwa naenda mjini kununua mpya.

Wegesa: Sishangai. Nyumba hiyo kitu kikionekana hakitoi, mnawazaga kuleta kingine kabla ya kupima.

Ryoba: Wegesa—

Wegesa: Naongelea modemu. Shika waya mweupe pale dirishani. Vuta kidogo.

Ryoba: Hautoki.

Wegesa: Ufuate ukutani mpaka nyuma ya ruta.

Ryoba: Naufuata... Eh. Huku umetoka.

Wegesa: Umelegea au umetoka?

Ryoba: Umetoka. Kichwa kiko chini, nyuma ya kabati.

Wegesa: Kile kilimi cha plastiki juu ya kichwa, kimevunjika?

Ryoba: Kizima.

Wegesa: Kizima. Ajabu hiyo. Maana waya ule nilinunua mwenyewe Musoma, duka la Iringo, na nikauchomeka mwenyewe. Ukiingia unaliaga ta. Hautoki mpaka mtu abonyeze kilimi ndiyo avute.

Ryoba: Labda panya.

Wegesa: Panya wa Nyasura wameendelea. Wanabonyeza kwanza, wanavuta baadaye, hawatafuni.

Ryoba: Au mama akifagia.

Wegesa: Na magoti yale, ameinama nyuma ya kabati. Haya.

Ryoba: Sasa nauchomeka wapi? Kuna matundu matano.

Wegesa: Tundu la buluu, lile la peke yake. Hayo manne ya njano yanagawa, hayapokei.

Ryoba: Buluu... Imelia ta.

Wegesa: Taa?

Ryoba: Nyekundu. Inapepesa. Inapepesa... kijani. Tivii imerudi. Unasikia? Kwaya hiyo.

Wegesa: Nasikia. Hongera, asante kwa kutupigia, siku njema.

Ryoba: Usikate. Wegesa, usikate.

Wegesa: Nani alichomoa waya?

Ryoba: [kimya]

Wegesa: Nahesabu mpaka tatu, nakata.

Ryoba: Mimi.

Wegesa: Lini?

Ryoba: Asubuhi. Mama alikuwa anaoga.

Wegesa: Mwalimu mzima wa hesabu. Umeharibu mtandao wa nyumba yako, umemnyima mama yako kwaya, ili iweje?

Ryoba: Ningekupigia niseme nini? Wiki tatu nashika simu, naandika, nafuta. Nikaona kwa shida ya waya utapokea. Watu wakiwa na shida ya waya hukataagi.

Wegesa: Hiyo ni kweli.

Ryoba: Nimekukumbuka. Nakula ugali nikiangalia kiti chako. Rudi nyumbani.

Wegesa: Nirudi kwa nani?

Ryoba: Kwangu.

Wegesa: Na wewe uko wapi siku hizi? Maana mezani siku ile sikukuona. Kabatini, chini ya ruta hiyohiyo, kuna bahasha ya daktari wa Musoma. Inasemaje?

Ryoba: Unajua inavyosema.

Wegesa: Mimi najua. Wewe unajua. Daktari anajua. Hajui mmoja tu, na ndiye anayeongea kutuzidi wote.

Ryoba: Nitamwambia taratibu.

Wegesa: Mwaka mzima unamwambia taratibu. Kobe angeshafika.

Ryoba: Sio rahisi kwa mwanaume, Wegesa. Ukishasema, hairudi.

Wegesa: Kwa mwanamke ni rahisi, eh? Sikiliza. Uliniomba unalia nikutunzie siri, nikakubali, kwa sababu nakupenda. Sikukubali kubebeshwa mimi aibu hiyo mbele ya watu, halafu uniangalie. Iliniuma. Bado inaniuma.

Ryoba: Dakika zangu zinaisha.

Wegesa: Basi tumia zilizobaki vizuri. Weka spika.

Ryoba: Sasa hivi?

Wegesa: Mama yuko hatua mbili kutoka ulipo. Kama unaweza kuinama nyuma ya kabati kuchomoa waya, utaweza na hili. Ukishindwa sikulazimishi. Ila namba hii usiipige tena, hata nyumba ikiungua.

Ryoba: [mkwaruzo] ...nimeweka.

Wegesa: Nasikia kwaya tu.

Ryoba: Mama. Naomba upunguze sauti kidogo. Hapana, sio mtandao. Mama, kaa. Kuna jambo. Wegesa hana tatizo. Tulipimwa Musoma mwaka jana, wote wawili. Yeye mzima. Tatizo liko kwangu. Daktari alisema kuna dawa, nianze, nirudi baada ya miezi mitatu, na mimi sikurudi. Niliona aibu. Nikamwomba mke wangu asiseme. Siku ile ulipomwita gogo nilikuwa najua, mama. Nilikuwa najua, nikanyamaza.

Wegesa: [kimya]

Ryoba: Wegesa. Upo?

Wegesa: Nipo.

Ryoba: Amezima tivii.

Wegesa: Amesemaje?

Ryoba: Hajasema kitu. Ananiangalia. Ameny— amenyoosha mkono, anataka simu.

Wegesa: Anaitakia nini?

Ryoba: Sijui. Nampa. Mama, dakika ni chache—

Mama Ghati: Haloo. Wegesa.

Wegesa: Shikamoo, mama.

Mama Ghati: Usiniamkie.

Wegesa: Mama?

Mama Ghati: Leo usiniamkie. Leo mimi ndiye wa kuanza. Habari yako, mwanangu.

Wegesa: [kimya]

Mama Ghati: Unanisikia?

Wegesa: Nakusikia, mama. Sio nzuri.

Mama Ghati: Najua. Nimekutukana bure, na nilikutukana mbele ya watu. Wale wa jumuiya nitawaita tena, wakae vilevile, niseme kwamba nilikukosea. Usilie. Baba yako kesho yupo?

Wegesa: Yupo.

Mama Ghati: Basi mwambie tunakuja. Huyu ataongea mwenyewe, safari hii sitamsemea. Na Jumatatu mtakwenda naye kwa daktari, hata kama ni kumfunga ka—

[Simu imekatika]

Wegesa: Haloo? Mama? [anaita] Baba. Baba, kesho usiende shambani. Tuna wageni kutoka Bunda.