Mwajuma, Aliyenyamaza kwa Ajili ya Sikio la Kabwe

Wasikilizaji wapendwa wa Lubumbashi, nanyi mlio njiani kuelekea Kasumbalesa, tupeni masikio yenu kidogo. Mama Mwajuma Yuma hayupo tena. Alizikwa Alhamisi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mama Mwajuma, mwanamke wa meza ya sauti. Wengi wenu mlicheza dansi mbele yake bila kumwona.

Alizaliwa Kampemba, hapahapa mjini. Baba yake, fundi wa redio, alikuja hapa kutoka Kasongo. Kaka yake, mzee Asumani, anakiri: "Miye nilipenda mupira. Mwajuma alipenda waya."

Mwaka 1971 orkestra ya wachimbaji ilinunua meza ya sauti. Wanaume watatu waliijaribu, wote wakashindwa. Mwajuma akaitwa. Akaizunguka, akavua viatu, akaketi.

Meza ile, wasikilizaji, ilikuwa na mstari wa vitufe kwa kila mikro ya kuimbia au kuhutubia. Vya juu vilikuwa vya kusawazisha sauti: nyembamba, ya kati, nzito. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja cha kupeleka sauti kwenye bafle ndogo, yale masanduku ya sauti yanayomtazama mwimbaji, ili ajisikie mwenyewe. Ukikizungusha, watu uwanjani hawatambui kitu. Mwimbaji ndiye anayetambua. Lakini ukikizidisha, sauti hutoka kwenye bafle, ikaingia tena kwenye mikro, ikatoka tena, mpaka ikapiga yowe.

Mwimbaji mkubwa wa orkestra alikuwa Kabwe. Kabla serikali haijatubadilisha majina ya Kizungu, mlimwita Donat. Kabwe alikuwa na siri. Baruti ya mgodini ilikuwa imeliua sikio lake la kulia, na la kushoto lilikuwa linafifia. Kiziwi haimbi. Na asiyeimba alirudisha nyumba ya kampuni ya mgodi, na Kabwe alikuwa na watoto sita ndani ya nyumba ile.

Mwajuma aligundua peke yake. Siku moja ya mazoezi Kabwe aliinama mezani akamwambia: "Mama, ongeza. Siko nasikia sauti yangu." Akaongeza. "Ongeza tena." Hapo Mwajuma akaelewa. Hakuuliza. Alipunguza sauti nyembamba, ile inayoleta yowe haraka, kisha akampa Kabwe nguvu zaidi kwenye bafle yake. Kwa miaka mitano alimsaidia kujisikia hivyo. Kwa miaka mitano hakumwambia mtu.

Ikafika sikukuu ya Juni 1976. Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Mgeni wa heshima alitoka Kinshasa. Orkestra iliimba kwanza, halafu mgeni angehutubia kwa mikro ileile ya Kabwe. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kwisha, waya mmoja mbele ya jukwaa ukalegea. Mwajuma akatoka mezani kwenda kuukaza. Wapiga gitaa walikuwa wakipiga bila mwimbaji, na Kabwe, ambaye siku hiyo hakuwa akiisikia vizuri sauti yake, akaiendea meza. Akazungusha kile kitufe mpaka mwisho. Akazungusha na cha sauti nyembamba. Akarudi kumaliza wimbo, mdomo ukigusa mikro na kuizuia isipokee sauti ya bafle, akaondoka.

Mgeni akasimama mbali kidogo na mikro, akafungua kinywa. Yowe likatoka, wasikilizaji, hata farasi wa gwaride wakarudi nyuma. Mgeni akaziba masikio. Na watu wakacheka. Uwanja mzima ulicheka.

Mwajuma alirudi mbio. Kitufe alichokuwa amekiacha katikati alikikuta mwisho kabisa. Alimtazama Kabwe. Kabwe alitazama viatu vyake.

Siku ileile waliitwa mbele ya wakubwa, waeleze nani amemwaibisha mgeni. Kabwe akaulizwa kwanza. Akasema: "Miye nasikia muzuri. Sikumuomba kintu. Ule mama ndiye anazungushaka."

Neno moja la Mwajuma lingetosha. Wangempima Kabwe masikio, basi. Hakulisema. Binti yake, Kulthumu, alimuuliza mara nyingi kwa nini. Jibu lilikuwa lilelile: "Nilikuwa nangoja aseme yeye. Nilingoja mpaka akasaini karatasi ya kunishitaki. Hata kalamu alipoiweka chini, nilikuwa nangoja."

Kwa siku tisa Mama Mwajuma hakulala nyumbani kwake, na mlango wa alikolala ulifungwa kwa nje. Ninyi ni watu wazima, mnaelewa. Aliporudi, meza ilikuwa na mtu mwingine. Jina la Mwajuma lilikuwa limeharibika mjini. Akaanza kwenda Sakania kwa treni, kuuza samaki wakavu na chumvi. Hakugusa tena meza ya sauti. Kabwe aliimba miaka sita zaidi. Idi moja alimtumia mfuko wa sukari. Mwajuma akaurudisha na ujumbe: "Ulinisema mbele ya bantu. Kama unataka kunisafisha, njoo mbele ya bantu." Hakuja.

Wasikilizaji wapendwa, haya yote tumeyajua vipi? Kabwe mwenyewe alikuja hapa studioni juzi, siku mbili baada ya mazishi. Ni mzee sasa. Tulimwandikia maswali kwenye karatasi, kwa maana hasikii kabisa. Alisema kwa kinywa chake: "Ni miye niliyezungusha. Mwajuma hakukosa."

Tulimpelekea mzee Asumani maneno hayo. Tulidhani yatamtuliza. Lakini akasema: "Miaka kumi na mbili dada yangu alipita mbele ya mulango wa Kabwe akienda gare ya treni, na kapu ku kichwa. Yeye hakusema. Leo anasema, kwa sababu hakuna wa kumujibu."

Kwa mzee Asumani, kwa Kulthumu, na kwa ukoo wote wa Kampemba, poleni sana. Mungu amlaze Mama Mwajuma pema.

Nawe unayesikiliza, kama kuna mtu uliyemchafulia jina ili wewe upone, nawe unajua anakaa barabara gani, zima redio hii. Nenda sasa, akingali anaweza kukujibu.